Sakafu ya Nyonga na Kiti cha Idara

Jumatatu, 4 Machi
Sakafu ya nyonga ni tandiko la misuli linalobeba kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo. Langu, baada ya watoto wanne, limejiuzulu bila taarifa. Mtaalamu wa viungo ameagiza: kaza kana kwamba unazuia haja ndogo, hesabu hadi kumi, legeza. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kila zoezi litiwe alama kwenye kadi. Tarehe 15 natoa mhadhara wa saa nzima, nimesimama, mbele ya kamati inayochagua mkuu wa idara. Mshindani wangu ni wifi, dada wa mume wangu. Tunafundisha chuo kimoja na, kwa mkosi, tunatibiwa kliniki moja. Yeye hukaza sekunde kumi. Mimi tatu.

Jumatano, 6 Machi
Nimejaza kadi ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Kalamu tatu tofauti, ili ionekane ya kweli. Mazoezi: hakuna. Muda umeokolewa.

Ijumaa, 8 Machi
Mtaalamu amesifu mwandiko, kisha akauliza Jumapili nimeifanyaje wakati haijafika. Akaniwekea mkono tumboni, akaniamuru nikaze. Nikabana pumzi, makalio, mabega, hata nyusi.

“Mama, umekaza kila kitu isipokuwa kinachotakiwa.”

Nyuma ya pazia, wifi akacheka. Yeye kicheko hakimgharimu.

Jumatano, 13 Machi
Nimeacha kunywa maji. Mtaalamu alionya kwamba mkojo mzito hukichokoza kibofu. Nimelizingatia onyo lake na kulikataa.

Ijumaa, 15 Machi
Dakika ya ishirini, koo kavu. Nikakohoa. Kikohozi cha pili kikamaliza kila kitu. Wifi akatoka mstari wa mbele, akanifunga mtandio wake kiunoni kabla kamati haijang'amua.

“Toka polepole, wifi. Mimi nitamalizia.”

Akamalizia kwa karatasi zangu. Nikiwa chooni nilisikia makofi.

Jumatatu, 18 Machi
Kiti amepewa yeye. Jioni alikuja nyumbani, akakaa jikoni, akakiri kwamba mwaka jana hakuweza hata kupanda ngazi akiwa mkavu.

“Nilianza pabaya kuliko wewe. Njoo tukaze pamoja kila asubuhi.”

Nikamjibu kwamba asubuhi nina shughuli. Naandika rufaa: cheo kimetolewa kwa kigezo cha misuli, si cha elimu. Nimefika ukurasa wa tisa. Hoja zote zimesimama, isipokuwa moja: mshitakiwa hasa ni nani, kamati, wifi, au kibofu chenyewe?