Ombi la Kumsajili Dada Yangu Kama Kifaa

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Usajili, Tamasha la Vikaragosi.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kabla hujafunga faili la washiriki. Mimi ni yule msichana wa kundi la maonyesho ya majaribio aliyeleta fomu namba kumi na saba, yenye doa la gundi. Naomba fomu hiyo ifanyiwe marekebisho madogo: dada yangu aondolewe kwenye orodha ya wabunifu, aingizwe kwenye orodha ya vifaa.

Najua hili linahitaji maelezo.

Kikaragosi chetu kinaitwa Bi Mshonaji. Mwili wake ni karatasi na gundi, macho ni vifungo vya koti, vidole ni waya wa breki za baiskeli. Upya wake ni kwamba anaendeshwa na watu wawili waliosimama juu ya benchi, wamepeana migongo, hawaonani. Mimi nashika nyuzi za mkono wa kulia, wenye sindano. Dada anashika za mkono wa kushoto, wenye uzi. Bi Mshonaji hutunga uzi kwenye sindano mbele ya watazamaji. Watu husema haiwezekani. Tuliweza mara tisa mfululizo, kwa kusikilizana pumzi tu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Dada anaolewa. Harusi ni Alhamisi, onyesho letu ni Jumamosi. Anahamia mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi. Sikushauriwa.

2. Anayemwoa ni fundi friji. Siku ya kwanza alipoingia chumbani kwa mama, ambaye ni fundi cherehani na ndiye aliyetupa kona ya kufanyia kazi, alimtazama Bi Mshonaji, akatoa bisibisi mfukoni, akakaza bega lililokuwa likikwaruza kwa miezi miwili. Sasa halikwaruzi. Hakuomba ruhusa.

3. Tangu wazazi wa mtu huyo walipokuja kuposa, mkono wa kushoto umegoma. Unashuka, unafika shubiri moja juu ya sindano, unasimama hapo hewani kama mtu anayeaga. Mkono ni wa dada, kwa hiyo jambo liko wazi: moyo wake umeshahama, na mkono umeufuata. Mimi siwezi kulaumiwa. Wageni walipokuwa wakinywa chai, nilikuwa nyuma ya pazia na mkasi wangu, nikirekebisha nyuzi.

4. Nilipomweleza dada hayo alinijibu, "Mdogo wangu, hebu vuta pumzi." Pumzi! Ananiambia mimi.

5. Mama, badala ya kusuluhisha, alisema huku pini ziko mdomoni: "Wewe mtoto, dada yako haolewi mkono, anaolewa mzima." Kisha akanipa gauni la harusi nishone pindo. Nimelishona. Limenyooka. Nalitaja ili usidhani nina kinyongo.

Sasa, kanuni yenu ya nane inasema kifaa chochote kilichosajiliwa hakitaondolewa ukumbini mpaka tamasha liishe. Vifaa vinapokelewa Jumatano. Harusi, kama nilivyosema, ni Alhamisi. Nadhani unauona uzuri wa kanuni hii. Ili kukupunguzia kazi, nimeshaijaza sehemu husika:

Aina ya kifaa: dada. Uzito: amekataa kupimwa. Uhifadhi: mahali pakavu, mbali na mafundi friji. Idadi: mmoja. Vipuri: hakuna.

Kama dada mzima ni kifaa kikubwa mno kwa stoo yenu, nipo tayari kulegeza kamba. Usajiliwe mkono wa kushoto peke yake. Sehemu iliyobaki ina ruhusa yangu ya kuolewa.

Nisalimie wajumbe wote, mama wa mapokezi aliyenifuta gundi kwenye kiwiko, na mlinzi wa getini aliyempa Bi Mshonaji shikamoo kabla ya kumwangalia vizuri.

Wako katika sanaa na dhiki,
Mkono wa Kulia.

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha nilizitazama nyuzi za kushoto kwa karibu. Zimekatwa na kufungwa upya, fupi kwa shubiri moja. Dada hufunga fundo la mizunguko miwili. Fundo hili lina mitatu. Mwenye mitatu ni mimi.

Nilimwita dada. Aliliangalia fundo, kisha akaniangalia mimi. Tulizirefusha, tukapanda benchi. Shemeji alitushikia benchi lisitikisike. Uzi ulipita kwa jaribio la kwanza.

Nilimuuliza, nikiwa nimempa mgongo, kama Jumamosi angeweza kuja. Akasema, "Tiketi ya basi la alfajiri ninayo tangu wiki iliyopita. Wewe uliniuliza lini?"

Barua naituma hata hivyo, kwa kuwa mama ameshabandika stempu. Tafadhali mrudishe kwenye orodha ya wabunifu, juu ya jina langu. Na mafundi wa jukwaa wakiona nyuzi za kushoto zina urefu wa ziada, wasizikate. Nimeziacha hivyo makusudi, maana anakokwenda ni mbali.