Bibi Asiyeitikia Shikamoo

Jumatatu, 4 Juni 1973

Nimeamua. Nitakuwa mwandishi wa vitabu vya kutisha. Wa kwanza ufuko wote huu wa ziwa, toka Liuli mpaka Mbamba Bay. Kama yupo mwingine ajitokeze.

Sababu ni sinema ya juzi Jumamosi. Gari la serikali lilikuja, shuka likafungwa kwenye goli la uwanja wa mpira. Walituahidi filamu ya kuchemsha maji ya kunywa. Bwana wa mashine akachanganya makopo yake. Badala ya maji, akatoka maiti! Kazikwa na suti, kafungua sanduku mwenyewe, anatafuta watu. Mlango ukalia kwiiii. Nilisisimka mpaka kisigino.

Wenzangu wakacheka! Bibi Ida alimwonea huruma yule maiti. Alisema maskini, hana ndugu, angezikwa na watu wake asingetangatanga hivyo. Mwingine akasema suti ile ingemkaa vizuri shemeji yake.

Mimi sikukimbia. Nilikwenda kuangalia mbuzi. Mama Justin, mke wangu, anasema hatuna mbuzi. Huyu mwanamke anashikilia vitu vidogo vidogo.

Jumanne, 5 Juni

Bahati imekuja yenyewe! Bwana Elimu, yule mtu wa Tanga aliyeletwa kusimamia kisomo cha watu wazima, kalalamika mkutanoni. Wanafunzi wanatoroka. Wasiotoroka wanasinzia. Anataka mwalimu msaidizi anayejua kutunga hadithi za kuwakalisha watu darasani. Atakayepata kazi hiyo hatafyatua matofali ya ghala la kijiji. Msimu mzima! Mgongo wangu ulisikia kabla ya masikio.

Nikanyoosha mkono. Nina darasa la nne, tena zuri. Na Wendelin naye akanyoosha! Wendelin ni Mmatengo wa Namswea, kaoa huku ziwani, na kwake kila kitu cha milimani ni bora, hata mvua. Bwana Elimu akasema tusome kwa zamu, Jumatatu ijayo ataamua.

Wendelin akaniuliza mbele ya watu kama hadithi yangu nayo itafuatwa na paka. Watu wakaanguka kwa kicheko. Anakusudia yale mafuta ya nywele niliyouza mwaka jana, ya kambale. Mafuta yalikuwa mazuri. Paka ndio walioharibu, kuwafuata wateja wangu mpaka kanisani.

Jumatano, 6 Juni

Kutisha watu ni kazi ngumu. Wale wa sinema wana mlango unaolia. Sisi milango yetu ya matete. Hailii. Ukiusukuma kwa nguvu unaanguka nao ndani, mwenye nyumba anakwambia umtengenezee mwingine. Mlango wa mbao unaolia hapa kijijini ni wa ofisi tu, na ule unatisha kwa sababu nyingine. Ukilia, Mwenyekiti anatoka kutafuta watu wa kazi.

Leo Wendelin kasoma. Hadithi yake inaitwa "Kilichofukiwa Shimoni." Moyo ukanipasuka! Kichwa kizuri kuliko changu! Darasa likakaa wima. Kumbe kilichofukiwa ni majani. Kilimo cha ngolo, jinsi kwao wanavyofukia majani yaoze, kisha wanapanda juu. Bibi Ida alikoroma. Mungu ni mwema.

Alhamisi, 7 Juni

Zamu yangu. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza kwa sauti ya kaburini. Kijana anatoka kuvua, jioni. Njiani anamkuta bibi kizee asiyemjua, mweupe kama unga wa muhogo, macho mekundu, miguu haigusi mchanga. Kijana akatetemeka...

Bibi Ida akanyoosha mkono. Akauliza, hakumwamkia?

Nikamwambia bibi, huyu ni mzuka. Akasema mzuka awe mzuka, si mkubwa kwake? Basi ikawa kesi. Wengine wakauliza kijana huyo wa ukoo gani, amelelewa na nani. Mmoja akasema vijana wa siku hizi ndivyo walivyo, ndiyo maana wazee wanakufa na kinyongo. Mpaka muda unaisha walikuwa wanamsema kijana wangu tu! Bwana Elimu kasema nisahihishe adabu, nirudi kesho. Wendelin kaniaga kwa kulia nyau.

Ijumaa, 8 Juni

Asubuhi nilikuwa taabani. Kijana akisema shikamoo, bibi lazima ajibu marahaba. Akishajibu marahaba, ataulizwa habari za nyumbani. Baada ya hapo kuna kutisha tena? Atapewa kigoda, atapewa ugali na samaki mbasa, hadithi imekwisha.

Mama Justin alikuwa anatwanga muhogo, ananung'unika. Kamwamkia Mama Pankras kisimani, hakuitikiwa. Tangu hapo hana raha. Anajiuliza amemkosea nini, amesengenywa na nani, au mwenzake anajua msiba ambao yeye hajaambiwa.

Nikaruka! Nikambusu paji la uso, akaniuliza kama nimekunywa.

Alasiri nikasoma. Shikamoo, bibi. Nikanyamaza. Shikamoo, bibi! Nikanyamaza zaidi. Bibi anamtazama tu. Kijana akasogea, akainama kwa heshima, akasema kwa mara ya tatu, shikamoo, bibi. Kimya.

Jamani! Banda zima la kisomo halikupumua. Bibi Ida aliangusha penseli, hakuiokota. Wendelin alitoka nje, kasema kuna joto. Juni hii, upepo unatoboa mifupa! Nikafunga daftari, nikasema itaendelea. Waliondoka wameshikana mikono kama watoto wa shule.

Kwaheri, matofali!

Jumamosi, 9 Juni

Mambo yamekuwa makubwa kidogo.

Tangu jana jioni kijiji kizima kinaamkiana bila kupumzika. Ukichelewa kuitikia unatazamwa miguu, kama inagusa chini. Bibi Ida kaamkiwa mpaka sauti imekauka.

Asubuhi watu walikwenda kwenye matofali. Mzee Frederick, Mwenyekiti wetu, alikuwa ametangulia, ameinama ananyunyizia majivu kwenye vibao vya kufyatulia, udongo usigande. Upepo ukamrudishia yote. Akawa mweupe kichwa mpaka vidole. Wakamwamkia kwa pamoja. Sasa, Mzee sikio lake la kushoto ni zito. Kila mtu anajua, tumezaliwa tumelikuta. Wao wakamwamkia kushoto.

Kimya.

Wakaamkia tena. Kimya. Mzee akageuka pole pole, macho yamewaka mekundu kwa majivu.

Waliotupa udongo, waliotupa majembe, wote wakakimbilia ziwani. Mzee kabaki peke yake na shimo la udongo, anauliza mkutano ni wapi.

Sinema gani imewahi kufanya hivyo? Kwa neno moja ambalo halikusemwa! Najivunia. Lakini nimekaa ndani.

Jumapili, 10 Juni

Nimeitwa baada ya ibada. Mzee Frederick hakunifokea, na hiyo ndiyo mbaya. Kasema kwa upole kwamba ghala lisipopata matofali kabla ya mvua, mahindi ya kijiji yataoza, na mimi nitawaeleza wenye njaa hadithi.

Niliona aibu. Karibu dakika nzima.

Bwana Elimu alitaka kumpa Wendelin kazi hapo hapo. Bibi Ida akamkatalia! Kasema yeye halali vizuri mpaka bibi yule aitikie, na hasomi habari za majani mtu akiwa bado amesimama njiani na shikamoo yake. Wanafunzi wenzake wakamuunga mkono. Basi wakapatana. Kesho nisome mwisho. Bibi aseme marahaba, watu watulie, warudi kwenye matofali, na mimi ni mwalimu msaidizi.

Neno moja tu! Mama Justin kanishika mkono, kaniambia Baba Justin, andika marahaba, weka nukta, kaa chini. Nimeahidi.

Jumatatu, 11 Juni

Niliandika marahaba. Nina mashahidi.

Ila mwandishi ni kama mpishi, hawezi kuacha chungu bila kuonja. Nikaongeza pilipili kidogo kabla yake. Mstari mmoja tu.

Banda limejaa mpaka nje. Nikasoma. Shikamoo, bibi! Bibi Ida kafumba macho, anasubiri. Bwana Elimu tayari kashika chaki ya kunikabidhi. Nikashusha sauti, nikasoma ile pilipili: "Bibi hakufungua mdomo. Lakini nyuma yao, nyuma ya watu wote, sauti nzito ikasema..."

Nikavuta pumzi.

Na Mzee Frederick, aliyekuwa ametoka kwenye majivu yake na kuingia kwa mlango wa nyuma, sikio zima likielekea kwangu, akadhani ile shikamoo ni yake, akafurahi kwamba hatimaye namwamkia kama mtu mwenye adabu.

"Marahaba!" akasema.

Ukuta wa mashariki wa banda haupo tena. Wendelin alipita katikati ya matete, tundu limebaki na umbo lake, masikio yote mawili. Bwana Elimu alionekana akielekea Tanga. Bibi Ida peke yake alibaki, kwa sababu ya magoti. Akamtazama Mzee, akanitazama mimi, akasema haya, ameitikia, leo nitalala.

Jumanne, 12 Juni

Wendelin ndiye mwalimu msaidizi. Leo amewafundisha majani, sehemu ya pili.

Mimi nafyatua matofali. Ya ghala, na ya ukuta wa banda la kisomo. Udongo mpaka magotini. Sinung'uniki. Kosa langu lilikuwa la mahali tu, hadithi ile ilitaka nyumba yenye kuta za mawe. Nimeshapata nyingine, ya kibao cha matofali kinachofyatua chenyewe. Hii haina shikamoo hata moja. Haiwezi kushindwa.

Jioni, wenzangu wameshaondoka, nikamwona Mzee Frederick kainama kwenye vibao, mweupe kwa majivu. Nikamwamkia. Kimya. Najua kabisa ni sikio la kushoto. Habari hii nimeitunga mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Nikamwamkia tena.

Kimya.

Nikaenda kuangalia mbuzi.

Mama Justin alinifungulia mlango, akanitazama udongo na jasho, akanitengea maji ya kuoga. Kesho nitatafuta mbuzi wa kununua. Mwandishi wa vitabu vya kutisha hawezi kukaa bila mbuzi.