Kasi ya Kinanda Kipya na Leseni Yangu

Mabatini, Mwanza
Agosti 1996

Mchungaji Oyoo mpendwa,

Amani iwe nawe na nyumba yako. Niwie radhi kukusumbua katika juma la mavuno, lakini kwaya yako inakaribia kuninyang'anya leseni ya udereva.

Kama ujuavyo, mshale wa mwendo katika gari langu ulikufa enzi za foleni za sabuni, wakati kipuri kilikuwa hadithi. Marehemu mke wangu Wilhelmina akabuni dawa. Tukifika kwenye kibao cha mwendo wa hamsini pale Kisesa, tulianza wimbo wa kufungia ibada. "Amina" ya ubeti wa nne ikitua mbele ya mashine ya kusaga, tulijua tumetii sheria. Hatukusimamishwa hata mara moja. Tangu alipozikwa huko Kisesa, huimba peke yangu kila Jumamosi niendapo kupalilia kaburi lake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ndugu Maige, mwalimu wa kwaya, amerudi kutoka Dar es Salaam na kinanda cha umeme chenye ngoma tumboni. Soko ni huria, sikatai, lakini je, Amina nayo imeruhusiwa kushindana? Mimi ningali navuta pumzi ya ubeti wa pili, vijana wameshafunga vitabu.

2. Mimi ni mtu wa besi, na besi haiongozi, hufuata. Kinanda kimeniingia kichwani. Ili Amina itue mashineni kama zamani, hunibidi kukanyaga mafuta. Koplo Getruda wa usalama barabarani amekwisha kunisimamisha mara mbili. Aliniamkia vizuri, akaniuliza kama najua nilikuwa katika mwendo gani. Nikamjibu kwa ukweli: ubeti wa tatu. Akaniomba nimwimbie. Nikaimba. Akasema, "Baba, sauti unayo, breki huna," huku akiandika. Nikirudia, leseni itabaki kwake, na kaburi la Wilhelmina litabaki na magugu.

3. Siku ya mazishi ya Mzee Obiero nilibeba jeneza na kwaya garini, wakiimba. Tulifika makaburini kabla ya wafiwa, kabla yako wewe Mchungaji, na kabla ya wachimbaji kumaliza. Marehemu, aliyechelewa ibada maisha yake yote, siku hiyo aliwahi.

4. Nasikia Krismasi mnaandaa wimbo wa kurukaruka. Nikiuzoea huo, nitauona mji wa Magu, huko mbele ya Kisesa, kabla ya kiitikio.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: ama kinanda kitolewe ngoma, ama faini ziandikwe kwa jina la Ndugu Maige, ama usharika uiombe Serikali iandike beti kwenye vibao vya barabarani.

Nisalimie Mama Mchungaji, wazee wa kanisa, akina mama wa sauti ya kwanza, na hata Ndugu Maige, ambaye sina kinyongo naye gari likiwa limesimama.

Ni mimi, mzee wako wa besi,
Zefania Luhende

N.B. Kabla sijaifunga bahasha: jana fundi alipata kipuri mjini, mshale ukafufuka. Nikaenda Kisesa, nikaimba polepole, vile vile alivyoongoza Wilhelmina. Amina ikatua mashineni barabara. Mshale ulikuwa kwenye themanini. Tena nakumbuka sasa kwamba siku zile Kisesa haikuwa na askari. Tafadhali kinanda kiachwe. Mke wangu alikuwa akifumba macho kuanzia kwenye kibao hadi mashineni, miaka yote ile, na mimi nilidhani ni ibada.