Jino Kabla ya Posa

Jumatatu, 6 Juni 1988. Muleba

Jino linaendelea kunisumbua. Lilivunjika mwezi uliopita nikichuna waya wa redio kwa meno. Koleo ninayo, lakini kuitafuta kunachosha. Kipande kilibaki kwenye waya, mdomoni likabaki shimo.

Sitafuni. Naishi kwa uji, chai na vitumbua vya kuloweka. Mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa bisibisi. Zamani wangesema Gamaliel kapendeza. Siku hizi, hapa kwetu, na ugonjwa huu ulioingia, mtu akipungua haulizwi kitu. Watu wanaanza tu kuzungumza naye kwa upole. Leo mama muuza vitumbua kaniongezea kimoja bila kuombwa. Nimeogopa sana.

Karugendo naye hakukawia. Huyu ni fundi cherehani, tumepakana ukuta. Kasema mbele ya wateja wake kwamba suruali yangu inataka kupunguzwa kiunoni, na kwamba atanifanyia bure. Wema gani huo? Karugendo anamtaka Kemilembe.

Kemilembe ni wangu, au atakuwa. Jumapili mimi na mjomba Kashaija, ambaye ndiye mshenga wangu, tunakwenda Izimbya kwa baba yake kuchukua jibu la posa. Wakiniona nilivyokonda, jibu nalijua. Nampenda yule binti. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Mama kasema niwaambie watu kwamba ni jino, basi. Mama hajui mambo. Ukikiri jino, watauliza na kingine.

Jumanne, 7 Juni

Nimejitibu mwenyewe. Nta ya mshumaa, na juu yake gundi ya kubandikia spika. Nilitumia kioo cha baiskeli. Shimo limeziba, safi kabisa. Nikajiuliza madaktari wa meno wanasomea nini miaka yote hiyo.

Saa nne nikanywa chai. Nta ikayeyuka. Gundi haikuyeyuka, ilihama, ikashika ulimi kwenye shavu. Wakati huohuo mzee mmoja akaleta redio yake na kuuliza kama itapona. Sikuweza kusema. Nikatikisa kichwa, maana yangu ikiwa asubiri kidogo. Akaichukua redio yake, akanipa pole kwa mikono miwili, akaenda zake.

Alhamisi, 9 Juni

Suruali mbili, moja juu ya nyingine, na sweta ndani ya shati. Nilinenepa vizuri sana. Asubuhi watu walinisalimia kwa kawaida, bila upole wowote. Nilifurahi.

Kufika mchana jasho likanitiririka. Karugendo akauliza kwa sauti kama nina homa. Homa ni mbaya kuliko kukonda. Nikaenda nyuma ya duka kuvua sweta na suruali ya juu. Nikitoka, Karugendo kasimama palepale na futi yake shingoni. Ameniona nimekonda ndani ya dakika chache. Akanitazama kiuno, akarudi kwenye cherehani yake. Afadhali angesema.

Nimeamua kwenda Bukoba kwa daktari wa meno. Watu nimewaambia nafuata vipuri. Sindano nimenunua yangu mwenyewe, siku hizi kila mwenye akili anakwenda na yake. Nikaichemsha. Nikatoka kidogo kubishana na Hamidi wa duka la betri kuhusu mpira. Niliporudi maji yalikuwa yamekauka, na bomba la plastiki limejikunja. Nimelinyoosha kwa mkono. Si baya.

Ijumaa, 10 Juni. Kagondo, kwa mjomba Kashaija

Ubaya wa hospitali ile ya Bukoba ni benchi. Chumba cha meno kinatazamana na chumba cha kupima damu, na benchi ni moja. Ukikaa pale hakuna anayejua unasubiri mlango upi, na watu wakikosa kujua wanachagua wenyewe. Lakini nilijipanga. Niliingia na redio kwapani, kama fundi aliyeitwa kazini.

Daktari anaitwa Lwakatare, mtu mpole. Alitaka kunichoma ganzi. Nikatoa sindano yangu. Akaitazama muda mrefu, akaniuliza niliikuta wapi. Akasema wao wanazo mpya, zimefungwa, atafungua mbele ya macho yangu. Nikakataa. Siamini pakiti ambayo sikuinunua mimi. Akasema basi tutafanya bila ganzi, na mimi nikasema vizuri, kwa sababu nilidhani ananitisha.

Hakuwa ananitisha. Umeme ulikuwa umekatika, akatumia mashine ya kuchimbia jino, ile ya kukanyaga. Mguu wake ulikwenda kama wa Karugendo kwenye cherehani. Nilipiga kelele kidogo.

Shimo kaliziba kwa dawa inayonukia karafuu. Kasema hii ni ya muda tu, nirudi baada ya wiki mbili alizibe moja kwa moja, na hadi siku hiyo nisitafune kitu kigumu upande wa kulia. Maumivu yamekwisha kabisa. Niliona ninaweza kula ng'ombe.

Natoka mlangoni, nani yuko benchi? Ma Anatolia, shangazi yake Kemilembe, dada wa baba mtu. Kanga kaikandamiza shavuni. Mafua, bila shaka. Nikainama nikamsalimu kwa heshima zote. Akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia siumwi, waitu mama, nilikuja kutengeneza redio ya daktari. Akauliza kama ni redio iliyokuwa inapiga kelele sasa hivi. Nikajibu ndiyo, ilikuwa na mluzi, nimeutoa. Akanitazama, akasema amesikia.

Kaamini kabisa. Mama mwelewa sana.

Jumapili, 12 Juni. Kagondo

Tumerudi kutoka Izimbya. Mjomba hasemi nami.

Mambo yalianza vizuri. Suruali mbili chini ya suti, hali ya hewa ya ubaridi, nikaonekana mtu. Ta Bartholomayo, baba yake Kemilembe, alitukaribisha ndani. Kikaletwa kikapu kidogo cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Mgeni haikatai. Ukiikataa ni kama umemwambia mwenye nyumba humwamini. Akachukua yeye kwanza, akampa mjomba, akanipa mimi. Kavu, ngumu kama changarawe.

Mpango ulikuwa tayari. Naiweka shavuni, nasubiri, naitemea kwenye leso.

Kikapu kikamfikia Ma Anatolia. Akakirudisha. Akasema wamwie radhi, Ijumaa aling'olewa jino mjini, fizi bado mbichi. Wote wakampa pole, mjomba akasimulia jino lake la mwaka wa vita, watu wakacheka. Hakuna aliyeudhika. Kisha shangazi akanigeukia mimi. Akauliza, kwa upole kabisa, je, wewe mwanangu, huna jino linalokusumbua? Kama lipo useme tu, uiweke kando.

Nikaona mtego. Nikamwambia meno yangu ni jiwe la kusagia. Na ili waone, nikaihamishia kahawa kulia, nikauma.

Dawa ilitoka nzima. Chumba chote kikanukia karafuu. Machozi yalinitoka na sikuweza kuyazuia. Nikawaeleza ni furaha ya kuwa miongoni mwa wakwe.

Ta Bartholomayo alikiweka kikapu chini. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba binti yake mkubwa, Rozi, aliolewa Kimwani. Mume alikuwa na kikohozi. Walipomuuliza alisema ni vumbi. Wamewazika wote wawili, na wajukuu anawalea yeye. Akasema tangu hapo haulizi kijana ana shamba kiasi gani wala kasoma mpaka wapi. Anataka tu kijana aseme anapoumwa. Jino si kitu, akasema, jino kila mtu analo. Lakini anayeficha jino atasema nini siku akiwa na jambo?

Mjomba aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Tukaletewa ebitoke, ndizi zetu za kupika, tukala. Mimi upande wa kushoto. Jibu, wakasema, wataleta wenyewe.

Yule mzee alinigusa, sikatai. Njia nzima nilimfikiria Rozi, ambaye sikuwahi kumwona.

Kosa nimeligundua. Ni karafuu. Dawa isingenukia, wasingejua.

Jumanne, 14 Juni. Muleba

Siku kubwa. Kemilembe kaja dukani peke yake, na redio ya baba yake. Kaja kwa gari la asubuhi kutoka kwao, safari yote ile. Karugendo aliacha kukanyaga cherehani akatazama.

Nikaifungua redio. Nzima. Nikaikagua tena, haina ugonjwa wowote. Nikamwambia kaisumbua bure. Akasema anajua.

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akasema baba bado hajatoa jibu. Akasema shangazi ananitetea, kwamba kijana ni mjinga tu, si mbaya. Akasema yeye hataki mambo mengi. Kisha akaniuliza, jino linauma?

Lilikuwa linauma. Tangu Jumapili sijalala, shavu la kulia limevimba kama nimeficha embe. Alikuwa ananitazama usoni, na macho yake yalikuwa mazuri sana. Nikasema, jino gani?

Akalitazama shavu langu. Nami nikatabasamu kwa upande ulio mzima. Kisha akaifunga redio kwenye kitenge, akaniaga vizuri, akaenda kituoni.

Nadhani safari hii kaamini. Hakuuliza mara ya pili.