Uzinduzi wa Sheria Katikati ya Reli

Kwa furaha kubwa, Idara ya Vivuko vya Reli ya jimbo ilitangaza kwamba kuanzia asubuhi ile, chombo chochote kitakachoziba kivuko kitakamatwa papo hapo, bila kujali kama mwenyewe ana msiba, mgonjwa au harusi. Ili wananchi waielewe vyema, sheria ilizinduliwa palepale inapohusika: hema jeupe lilisimikwa juu ya reli, zulia likatandikwa, na gari la Mheshimiwa, mgeni rasmi, likaegeshwa papo hapo kivukoni, kivulini mwa hema.

Hélène, fundi cherehani wa mtaa wa Kensington, alifika akiwa na gauni la bibi harusi kwenye kiti cha nyuma. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya pili, na bibi harusi alikuwa humo, amejifunga kitenge, analia.

"Kaka Bramwel, nipitishe," alimsihi mwanasheria Mkenya aliyeiandika sheria, ambaye suti yake ilishonwa na Hélène mwenyewe.

"Haiwezekani, Mama Hélène. Ukisimama relini, gari linakamatwa."

"Mimi napita tu. Nyinyi ndio mmesimama."

"Sisi hatujasimama. Tunazindua."

"Na treni ikija?"

"Haijaalikwa."

Mheshimiwa alikuwa bado anawatambua wageni kwa vyeo vyao treni ilipopiga honi. Itifaki haimruhusu mtu kuinuka kabla ya mgeni rasmi, wala mgeni rasmi kukatiza salamu. Wote wakabaki vitini, kwa utulivu wa kupigiwa mfano, hadi treni ilipofunga breki puani mwa hema.

Hapo wakaguzi wapya, walioapishwa asubuhi hiyo na wenye hamu ya kazi, wakalifunga mnyororo gari lililokuwa kivulini.

"Eish! Hilo ni langu!"

"Tunajua, Mheshimiwa. Ndilo la kwanza."

"Bramwel! Kifungu cha msamaha kiko wapi?"

Bramwel alikohoa kwa adabu. "Ulikifuta mwenyewe, Mheshimiwa. Ulisema kinalegeza sheria."

Hema likang'olewa, gari la Mheshimiwa likakokotwa, treni ikapita, na Hélène akawasha gari. Mheshimiwa akagonga dirisha. "Mama, nisogeze mjini."

"Naenda kanisani kwanza. Panda nyuma, baba. Gauni ulipakate, usilikunje."

Mlangoni mwa kanisa, shangazi wa bibi harusi alimtazama mzee mwenye tai aliyebeba gauni kwa mikono miwili. "Fundi, umeajiri msaidizi?"

Mheshimiwa akasafisha koo, tayari kuwatambua waliohudhuria.

"Baba, shika hizi kwanza," Hélène akamwambia, akampa pini za kupindia azibane kwa midomo, kama wafanyavyo mafundi. "Na usiseme chochote, utazimeza."

Misa ikaanza kwa wakati.