Bango Aliloshona Marehemu Mama

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Mwanangu Hilary, salamu nyingi. Baba yako Wilf hajambo, kifua tu. Bibi yako hajambo, ila sikio la kushoto limegoma, sasa tunampigia kelele upande wa kulia. Shangazi Nora anakusalimu. Mbwa hajambo. Kuku hawajambo, isipokuwa yule mwekundu, ambaye simwamini. Mimi sijambo, ingawa silali. Ulinipa daftari hili niandike badala ya kupiga simu bweni la wauguzi kila jioni. Haya, naandika.

Leo mkutano wa Maonyesho ya kijiji. Katibu, Bwana Pickersgill, mwalimu mstaafu aliyehamia hapa juzi tu (miaka tisa), kasema bango la marehemu mama yangu limechakaa. Tena neno la Maonyesho limeandikwa Shew, kwa E, badala ya Show, na E hiyo ilikufa zamani, dunia nzima sasa inaandika kwa O. Nikamwambia Biblia kubwa ya kanisani imejaa E hiyo na hakuna aliyeirudisha dukani. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nimemweka akilini.

Unajua E ile ndiyo iliyonifundisha kusoma. Mama alinishika kidole akakipitisha juu ya uzi. Nilipoiandika shuleni nikachapwa vidole. Nikatoka shule na miaka kumi na minne, E yangu mkononi.

Uamuzi: bango likiwa zima Jumamosi, litatundikwa. Lisipokuwa zima, katibu analo jipya, limeshapakwa rangi. Limeshapakwa! Nani huchonga jeneza mgonjwa angali anakunywa uji?

Jumanne, 3 Septemba

Nimekwenda kufagia ukumbi. Kabati la bango li wazi. Bango halipo.

Nikafikiri. Anayetundika bango ni mwenye kikombe cha ushindi cha mwaka jana, ndiyo desturi. Kikombe anacho Olive Capstick, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Na asubuhi Olive alikuwa dukani akinunua uzi na kitambaa, vyote buluu. Nikamwuliza vya nini. Akasema vya kushonea. Jibu la mtu mwenye jambo.

Jumatano, 4 Septemba

Nimekwenda kwa Olive kuazima sukari. Sukari ninayo, ratili sita. Kaniletea mlangoni, mlango kauvuta nyuma yake. Olive, ambaye mlango wake haujafungwa tangu azikwe mumewe!

Nikazunguka nyuma kutazama hali ya hewa kupitia dirisha la jikoni kwake. Mezani: bango la mama. Mkasi. E imefumuliwa, imelala peke yake kwenye sahani kama jino lililong'olewa.

Basi nimeelewa. Yeye na Pickersgill lao moja. Anatia O. Baba yako anasema huenda analitengeneza. Baba yako anaamini hata mbweha.

Alhamisi, 5 Septemba

Saa kumi jioni Olive huenda kwaya. Nimeingia mlango wa nyuma. Nimechukua bango na E. Sahani pia, kwa bahati mbaya. Si wizi. Cha mama ni cha mama.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeishona E mwenyewe. Imeinama kidogo, kama mtu anayetoka kilabuni. Pickersgill kapita nyumba kwa nyumba akiuliza habari za bango. Nimelificha chini ya bibi yako, naye kapiga kelele kwamba kiti kimevimba. Olive kapita pia, macho mekundu. Machozi ya vitunguu, nawajua hawa. Nyumba si salama tena.

Nimeoka keki ya mashindano. Kwa haraka nikaipoza kichwa chini juu ya wavu wa waya.

Jumamosi, 7 Septemba

Bango ni jembamba, refu hatua nne. Nimejizungushia kiunoni mara tatu, juu yake sweta, juu yake koti. Mpango: Pickersgill akipandisha la kwake, mimi navua langu mbele ya umma.

Jua likawaka kama halijawahi kuwaka bonde hili. Shangazi Nora kaniangalia tumbo, akauliza kama nina habari za kumpa. Miaka hamsini na moja! Keki imetolewa mashindanoni, ina alama za waya juu.

Kisha Olive kasimama hemani. "Nilimwomba katibu anipe wiki moja," akasema. "Kitambaa cha nyuma kilikuwa kimeoza, nimetia kipya. Ilibaki E tu, kisha likatoweka. Nilitaka Edie alikute juu, zima, bila kuambiwa. Mama yake ndiye aliyenifundisha kushika sindano."

Koti ningelifunguaje sasa? Pickersgill keshakunjua lake.

Nikakimbilia nyuma ya mazizi ya kondoo, nikajizungusha kama pia mpaka likatoka, nikarudi nalo shingoni nikihema. Nikasema nimeliokota nyasini. Lilikuwa la moto kama mkate. Watu wakapiga makofi.

Sikujua kwamba kile kitambaa kipya kinatoa rangi. Blauzi buluu. Shingo buluu. Olive kaitazama shingo yangu. Kaitazama E. Kisha kaniambia polepole, "Funga koti, Edie. Upepo unakuja."

Hapakuwa na upepo wowote.

Akalitundika. E ya mama juu, imeinama, watu wote chini yake. Walioniona nikifuta macho niliwaambia ni jasho.

Jumapili, 8 Septemba

Bado mimi ni buluu. Olive kaleta chupa ya jamu, kachukua sahani yake, hakuuliza neno. Hata moja.

Sasa nieleze, mwanangu. Mtu anayekusamehe bila kukugombeza kwanza anataka nini? Nimekesha na swali hilo. Nadhani anamtaka yule kuku mwekundu. Bibi yako anakula jamu tangu asubuhi na yu mzima, lakini bibi yako si kipimo.

Kesho nakwenda kuazima sukari.

Nijibu upesi, uniambie pia rangi hii inatolewa na nini. Nisipopata barua hadi Alhamisi, nitapiga simu bwenini.