Udi wa Bibi Harusi Ndani ya Injini

Jumatatu, 3 Agosti
Ushindi! Dada Noor katamka mbele ya ukoo mzima: Jumamosi mwanawe Khulud ataolewa, na atapanda gari la mjomba. Mjomba ndiye mie! Mazin, baba mdogo wa Khulud, alikuwa keshaanza kulisugua lake. Pole yake. Nikaondoka kifua mbele. Kwenye taa za barabarani pale Tazara gari likatetemeka, likazima. Likawaka. Likazima tena. Ya Rabi, si wiki hii!

Jumanne, 4 Agosti
Likikimbia, halina neno. Likisimama linahema, na chini ya boneti kuna sauti, ssss. Taa ya injini imewaka, nimeibandika stika. Fundi Anselmo kasikiliza kidogo tu, kasema kuna mpira umepasuka, injini inavuta hewa pasipotakiwa. Nimwachie gari autafute. Nimwachie? Gereji yake inatazamana na duka la Mazin! Nikasema nitafikiria. Akaonya nisichelewe, mmoja wa mipira hiyo ya hewa ndio unaolainisha breki. Mafundi kwa kutisha watu, hawajambo!

Alhamisi, 6 Agosti
Mtandaoni nimeona mafundi wanapuliza moshi ndani ya injini. Unapotokea nje ndipo palipopasuka. Moshi tu? Nyumba hii imekosa moshi lini? Samiha, mke wangu, alipokwenda kumpaka Khulud hina, nikachukua chetezo na udi wote wa bibi harusi uliowekwa kwetu. Nikapuliza. Nikakohoa mpaka machozi. Lakini moshi ukatoka! Mpira mnene wa breki, ufa huo hapo! Nikauzungushia mpira wa baiskeli, nikakaza. Injini tuli. Nani fundi sasa?
Samiha karudi, kauliza udi uko wapi. Nikasema labda paka. Kaniuliza paka tangu lini anafukiza.

Jumamosi, 8 Agosti
Sitaki kuandika. Naandika.
Mbele pikapu ya matarumbeta, nyuma yake mie na Khulud, kisha Mazin na wengine. Wapiga matarumbeta wanatambaa kama wanahesabu mawe! Injini ikachemka, mpira wa baiskeli ukalegea, ssss ikarudi. Gari likaanza kuruka na bibi harusi ndani. Nikakanyaga breki: ngumu, kama nakanyaga ukuta. Nikaibusu pikapu. Hakuna aliyeumia, ila tarumbeta moja imepinda. Halafu gari likazima, likagoma kuwaka mpaka jioni.
Khulud akanusa nguo yake, akauliza kwa nini injini inanukia udi wake. Kisha akasema, Mjomba Masoud, mie niliomba kitu kimoja tu, unifikishe. Akashuka, akakusanya gauni, akapanda kwa Mazin. Hakugeuka nyuma. Roho iliniuma, nikajifanya naangalia tairi.

Jumatatu, 10 Agosti
Kosa la matarumbeta. Nani anakwenda harusini kwa mwendo ule?
Lakini Khulud kapiga simu! Kanisamehe, Mungu ambariki. Kesho niwapeleke yeye na mumewe Kimbiji ufukweni kupumzika, kwa sharti gari lipite kwanza kwa Anselmo. Nikaapa. Nikaenda. Anselmo kasema niliache, mpira mpya anao asubuhi. Niliache lilale pale, Mazin apige picha? Thubutu! Nikarudi nalo nyumbani.
Mpira wa jiko la gesi unakaribia sana unene wa ule wa breki. Nimeshaukata. Samiha yuko jikoni, ananiita kwa jina langu lote, mpaka la babu.